Jigi ya Ngazi ya Dukani na Violezo vya Plaiwudi: Tathmini ya Fundi Seremala wa Arusha

Kwa miezi kumi iliyopita nimejenga ngazi nne za mbao, tatu hapa Arusha na moja Moshi, na kwa muda huo nimetumia vifaa vitatu ambavyo kabla ya hapo sikuwa navyo: jigi ya kuchimbia mifuo ya ngazi, yaani mifereji ya kuingizia vipandio, kwa ruta, mashine ya kuchimbia mbao kwa kisu kinachozunguka, kipimo cha vipandio kinachonakili urefu na pembe za ukutani, na vibano viwili vidogo vya shaba vinavyofungwa kwenye skwea, kile kipimo cha chuma cha pembe mraba. Sambamba navyo nimeendelea kutumia violezo vya plaiwudi ninavyojichongea mwenyewe, kama nilivyofundishwa. Ninaandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaojiuliza kama vifaa hivi vinastahili bei yake, na kwa ajili ya wenye nyumba wanaoshangaa kwa nini fundi anaomba siku mbili za kutengeneza vibao ambavyo havitabaki ndani ya nyumba yao. Maoni yangu nayasema mapema: kipimo cha vipandio ndicho kifaa ambacho sitafanya tena kazi ya ngazi bila kuwa nacho, jigi ya dukani ni kifaa kizuri ambacho hakikutengenezwa kwa kufikiria mbao zetu, na kiolezo cha plaiwudi kilichochongwa kwa utulivu kinaishinda jigi hiyo katika sehemu kubwa ya kazi tunazopata huku.

Kwa wasiozoea maneno haya, kiolezo ni umbo la mfano lililokatwa kwenye ubao mwembamba, ambalo penseli au kisu cha mashine hulifuata. Jigi ni kifaa kinachoshika mbao au mashine mahali pake ili kazi ileile irudiwe bila kupima upya. Ngazi ninazozizungumzia ni zile ambazo vipandio vyake vimeingizwa ndani ya mbavu mbili za pembeni, kwa mifuo iliyochimbwa upande wa ndani wa kila ubavu, kisha vikakazwa kwa kabari na gundi kutoka chini.

Ngazi ni kazi ya kurudiarudia. Katika nyumba moja ya Njiro, hapa Arusha, kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu palikuwa na milimita 2,880, nikazigawa kwa vipandio 16 vyenye kimo cha milimita 180 kila kimoja, na upana wa kukanyagia nikauweka milimita 250. Ukijumlisha kimo mara mbili na upana mara moja unapata 610, hesabu ya namna ileile aliyoieleza mbunifu Mfaransa François Blondel katika karne ya 17, na ambayo hadi leo inalingana vizuri na hatua ya mtu mzima anayepanda bila haraka. Ngazi hiyo ilikatwa katikati kwa pumziko, yaani sehemu bapa ya kugeukia, kama zilivyo ngazi za nyumba nyingi za ghorofa moja huku kwetu, kwa hiyo kulikuwa na mbavu nne, na ndani ya mbavu hizo nilipaswa kuchimba mifuo 60: 28 ya vipandio vya kukanyagia, kwa kuwa pumziko na sakafu ya juu huchukua nafasi ya viwili kati ya 16, na 32 ya mbao za wima zinazoziba kati ya kipandio na kipandio. Fundi anayepima kila mfuo kwa futi na penseli anajipa nafasi 60 za kukosea, na ubaya wa kosa la ngazi ni kwamba halikai mahali pake. Ukipima kila kipandio kuanzia kwenye kile kilichotangulia, na kila mara ukazidisha milimita moja tu, unapofika kipandio cha saba umeshazidisha milimita saba. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hulipwa na kipandio cha mwisho, ambacho kitakuwa kifupi au kirefu kuliko wenzake.

Mguu wa mtu hujifunza kimo cha ngazi katika vipandio viwili vya kwanza, kisha huacha kufikiri na kuamini kwamba vilivyobaki vinafanana na vile ulivyokwisha kuvipanda. Ndiyo maana kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani haziruhusu tofauti ya kimo ipite milimita 9.5 kati ya kipandio kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote katika mpando mmoja. Mama mmoja wa Moshi aliyenipa kazi mwaka huu alikuwa ameishi miaka mitatu na ngazi iliyojengwa na fundi mwingine, ambayo kipandio chake cha juu kabisa kilikuwa kifupi kwa milimita 22. Wanawe walikuwa wamekizoea. Wageni hawakukizoea, na kila mgeni alijikwaa palepale, mkono mmoja ukiwa umebeba kitu. Nilipopima ngazi ile kwa pima maji na futi sikuona uzembe wa aina nyingine yoyote: mbao zilikuwa nzuri, maungio yalikuwa yamekaza, msasa ulikuwa umepigwa kwa uangalifu. Fundi yule alikuwa amepima kila kipandio kutoka kwenye jirani yake, basi.

Jigi ya dukani inakuja kutatua tatizo hilo. Ni bamba la plastiki ngumu lenye unene wa milimita 12, lenye tundu mbili ndefu zinazokutana kama pembe ya ukuta, moja kwa ajili ya kipandio na nyingine kwa ajili ya ubao wa wima. Kila tundu ni nyembamba upande wa mbele na hupanuka taratibu kuelekea nyuma, ili kabari ipate nafasi ya kuingia na kukaza. Kwa chini kuna reli mbili zinazoegemea ukingo wa ubavu, na reli hizo hurekebishwa kulingana na mwinuko wa ngazi. Ruta huvalishwa pete ya kuongozea kwenye kitako chake. Pete hiyo hutembea ndani ya tundu, na kisu kinachopita katikati yake huchimba mfuo unaofuata umbo la tundu.

Nilipoifunga kwa klampu juu ya ubavu wa kwanza wa mninga nilikuwa na mashaka, nikachimba kwa awamu mbili za milimita sita ili nifike kina cha milimita 12. Awamu ya kwanza pete ilikwama mara moja, nikasimamisha mashine na kukuta tone la gundi kavu lililoachwa ukingoni na kazi ya kipande cha majaribio. Nililikwangua kwa ukucha, nikaendelea. Nilipoinua bamba, mfuo ulikuwa na kuta safi zilizosimama wima, na ile sehemu ya mviringo inayopokea pua ya kipandio, yaani ukingo wake wa mbele, ilikuwa imekaa kama iliyochongwa kwa patasi na mtu mwenye subira nyingi. Kwa patasi na msumeno wa mkono mfuo mmoja wa namna hiyo hunichukua zaidi ya nusu saa. Kwa jigi, nikihesabu na muda wa kufunga klampu, ulinichukua dakika saba.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Umeme wetu hukatika, na hukatika bila kuuliza kama kisu kiko ndani ya mbao. Zamani mashine ikizimika katikati ya mfuo nilikuwa nahangaika kuirudisha kwenye mstari bila kuacha alama. Bamba likiwa limefungwa, mashine inakaa palepale au inatolewa kwa utulivu, na umeme ukirudi baada ya saa mbili unaendelea pale ulipoachia, na hakuna atakayejua. Wakati wa jioni ambapo nguvu ya umeme hushuka na mlio wa ruta ukawa mzito, bamba pia huzuia mkono usiyumbe kwa kuisukuma mashine iliyopungukiwa nguvu, ingawa nashauri kusubiri kuliko kuilazimisha.

Sasa niseme kasoro, kwa kuwa ndizo zilizonirudisha kwenye plaiwudi. Jigi niliyonunua imetengenezwa kwa vipandio vyembamba, vya milimita 20 na kitu, vinavyotumika katika nchi za Ulaya. Wateja wetu hawataki kipandio cha namna hiyo. Wanataka kipandio kinene, kinachotokana na ubao wa inchi moja na nusu au inchi mbili, ambao ukisharandwa pande zote hubaki na unene wa milimita 35 hadi 45, na wanakitaka hivyo kwa sababu wananunua mninga au mkongo kwa fedha nyingi na wangependa uzito wake uonekane. Kwa kipandio cha milimita 38 tundu la jigi halitoshi. Nilijaribu kulitumia mara mbili, nikisogeza bamba chini baada ya kuchimba mara ya kwanza, na hapo nikawa nimerudi kulekule kwa kupima kwa jicho ambako jigi ilipaswa kuniondoa. Katika ngazi nne, jigi imenifaa kikamilifu kwa moja tu, ile ya ofisi ambayo mwenyewe alikubali vipandio vya milimita 25.

Kasoro ya pili ni alama za mwinuko zilizochapwa juu ya plastiki. Baada ya miezi minne ya vumbi na kufutwafutwa zilianza kupotea, nikalazimika kuzikwaruza upya kwa msumari. Ya tatu ni skurubu za reli, ambazo hulegea kwa mtikisiko wa mashine. Nimejizoesha kuzikaza kila baada ya mifuo mitatu, na nimeongeza kiduara cha chuma (washa) chini ya kila moja. Maelezo yaliyokuja nayo yanatosha kwa mtu anayejua tayari kujenga ngazi, lakini kwa kijana aliyetoka chuoni jana hayamwambii jambo muhimu kuliko yote, kwamba jigi hairekebishi mahali pa mfuo. Jigi inafanya kila mfuo ufanane na mwenzake. Mahali pake panatokana na mstari uliouchora wewe.

Hapo ndipo vibano vya shaba vinapoingia, na juu yake sina mengi ya kusema kwa kuwa ni vitu viwili vidogo vyenye skurubu ambavyo hufanya kazi yake na kunyamaza. Unavifunga kwenye mikono ya skwea, kimoja kwenye 180 na kingine kwenye 250, unaegemeza kwenye ukingo wa ubavu, unachora, unasogeza. Ni rahisi kununua, havichakai, na kila fundi wa ngazi awe navyo. Kosa la kuepuka ni kusogeza skwea kutoka alama hadi alama na kuamini penseli. Kwa kimo cha 180 na upana wa 250, umbali wa mteremko, kando ya ubavu, kati ya kipandio na kipandio ni milimita 308 na ziada kidogo sana. Mimi hulaza futi ndefu kando ya ubavu, nikaweka alama kwenye 308, 616, 924 na kuendelea, zote kutoka mwanzo mmoja, kisha ndipo skwea inakuja kuchora kwenye alama hizo. Namna hii penseli nene haiwezi kukulimbikizia deni.

Kiolezo cha plaiwudi ninakitengeneza hivi. Nachukua plaiwudi ngumu ya milimita 12, ile yenye uso laini inayotumika pia kumwagia zege, kwa sababu tabaka zake zimeshikana vizuri na haivimbi upesi kwa unyevu. Kwanza nakata pembetatu yenye pande mbili za 180 na 250 zinazokutana kwa pembe mraba, na kwenye upande wake mrefu napigilia mgongo wa ubao utakaoegemea ukingo wa ubavu. Kibao hiki ni cha zamani katika useremala wa ngazi, kuliko mashine zote ninazozitaja hapa, na peke yake kinatosha kuchora ngazi nzima. Kisha nachora kwenye kipande kikubwa cha plaiwudi umbo la kipandio halisi nitakachokitumia, pamoja na pua yake, ubao wa wima na nafasi za kabari, na kulipanua kwa kiasi kinacholiwa na pete ya kuongozea. Hesabu yake haina ugumu: pete yangu ina kipenyo cha milimita 30 na kisu changu milimita 16, tofauti yake ni 14, kwa hiyo kila upande tundu linapaswa kuwa kubwa kwa milimita 7. Kipandio cha milimita 38 kinahitaji tundu la milimita 52 pale mbele, kabla ya kupanuka kwa ajili ya kabari. Nimewaona mafundi wazuri wakisahau hesabu hii na kupata mfuo wa milimita 24 kwa kipandio cha 38, kisha wakailaumu mashine.

Kukata tundu hilo ndiyo kazi inayokula siku. Nalikata kwa msumeno wa jiksoo ndani kidogo ya mstari, kisha namalizia kwa kuongoza ruta kwenye rula ya chuma iliyofungwa kwa klampu, na kona namalizia kwa tupa na msasa uliogandishwa kwenye kijiti. Ukingo wa kiolezo ukiwa na kishimo, kishimo hicho kitaonekana kwenye mifuo yote 28. Ukiwa safi, usafi huo nao utarudiwa mara 28. Kabla ya kugusa mninga nachimba mfuo mmoja kwenye kipande cha paina na kuingiza kipande cha kipandio chenyewe. Kinapaswa kuingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo, na kisitikisike.

Jambo moja linahitaji umakini wa pekee, nalo ni kushoto na kulia. Mbavu mbili za ngazi ni kama viganja viwili, zinatazamana wala hazifanani. Kiolezo cha ubavu wa kushoto hugeuzwa juu chini kwa ubavu wa kulia, na mgongo wa kuegemea uhamishwe upande wa pili. Katika ngazi ya pili ya msimu huu msaidizi wangu, kijana makini kabisa, alichimba mbavu mbili za kushoto nilipokuwa nimekwenda dukani kununua gundi. Ubao wa mninga wa upana wa inchi 12 usio na kifundo si kitu unachokikuta kila siku, na kuupoteza kwa namna hiyo kunauma. Tangu hapo kiolezo changu kinaandikwa kwa kalamu nene pande zote mbili, KUSHOTO na KULIA, na mshale unaoonyesha juu, na mbavu zenyewe hulazwa mezani zikiwa jozi, ukingo kwa ukingo, kabla mashine haijawashwa.

Aina ya mbao nayo inabadilisha namna vifaa hivi vinavyofanya kazi. Mninga ni rafiki wa violezo: ukishakauka hausogei sana, mfuo uliochimbwa Jumatatu bado unakipokea kipandio chake Ijumaa. Vumbi lake lakini huwasha pua na kifua, na ruta hutoa vumbi jembamba kuliko la msumeno, kwa hiyo barakoa ivaliwe na mlango wa karakana uwe wazi. Mvule ni mbao nzuri ya ngazi, ila mara nyingine huficha ndani yake mawe madogo ya chokaa ambayo hayaonekani kwa nje. Kisu changu kimoja kilimeguka ncha kwenye jiwe la namna hiyo, na tangu siku ile siingizi kisu kipya kwenye mvule. Paina zinazovunwa kwenye mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Meru-Usa ni za bei nafuu na zinachimbika kwa urahisi, lakini mara nyingi huuzwa zikiwa na unyevu. Ukizichimba zikiwa mbichi, kiolezo kitakupa mfuo sahihi leo, na baada ya miezi michache kipandio kitasinyaa ndani yake na kuanza kulia kila kinapokanyagwa. Ngazi yangu ya Moshi ni ya paina, na mbao zake nilizipanga karakanani kwa vijiti kati yake kwa wiki tisa kabla ya kuzigusa. Mwenye nyumba alikasirika kidogo kwa kucheleweshwa. Alikuwa na haki ya kukasirika, nami nilikuwa na haki ya kusubiri.

Kipimo cha vipandio nimekiacha hadi hapa kwa sababu ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ni fimbo ndefu ya aluminiamu yenye mabawa mawili mwishoni, na kila bawa huzunguka na kufungwa kwa skurubu ya mkono. Hutumika pale ambapo ngazi ya zege imeshamwagwa kati ya kuta mbili na mwenye nyumba anataka ivalishwe mbao. Unakilaza kwenye kipandio cha zege, unasukuma mabawa yaguse kuta za pande zote mbili, unakaza skurubu, unakitoa na kukilaza juu ya ubao. Urefu na pembe zote mbili unazo kwa pamoja, bila kusoma namba yoyote.

Nilikipeleka kwa mara ya kwanza Usa River, karibu na Arusha, kwa mzee mmoja mstaafu aliyesimamia ujenzi wa nyumba yake tangu msingi. Aliponiona nikikitoa kwenye mfuko akaniambia, "Fundi, hizo kuta zimenyooka, nimezisimamia mwenyewe. Pima kimoja, kata vyote."

Nikamjibu, "Sawa, Mzee wangu, tupime viwili tu kwanza, cha chini na cha juu, halafu utaniamuru."

Nilipima kipandio cha chini, nikafunga mabawa, nikapanda nacho hadi kipandio cha juu bila kukilegeza, na kumwomba akiingize mwenyewe kati ya kuta. Hakikuingia. Ukuta wa kulia ulikuwa umesogea ndani kwa milimita 11 katika mwendo wa vipandio vinane, na plasta ya ukuta wa kushoto ilikuwa imenenepa karibu na kona kiasi kwamba pembe yake haikuwa mraba. Mzee alikisukuma mara mbili, akakitoa, akakitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi pima vyote, mwanangu." Tulipima vyote kumi na sita, kila kimoja kikaandikwa namba yake, na siku ya kuviweka hakuna hata kimoja kilichohitaji randa. Vilishuka mahali pake kwa ule mlio mzito wa ubao unaobana hewa chini yake, na mstari kati ya mbao na plasta haukuzidi unene wa kadi ya simu. Kabla ya kuwa na kifaa hiki kazi hiyo niliifanya kwa kukata makaratasi magumu na kuyakunja pembeni, na nilikuwa nikitumia siku nzima kwa kile ninachokifanya sasa kwa saa mbili. Kasoro yake ni moja: bawa la upande mmoja lina uchezaji mdogo hata likishakazwa, na ukilishika kwa bawa unaponyanyua pembe inaweza kubadilika. Kishike kwa fimbo, katikati.

Kwa vijiti vya kinga vya pembeni hakuna haja ya kununua chochote. Katika pumziko la Njiro, kati ya nguzo na nguzo palikuwa na milimita 1,240, na vijiti vilikuwa vya milimita 40. Nafasi kati ya kijiti na kijiti haipaswi kuruhusu kitu cha mviringo cha milimita 100 kupita, kwa sababu ya vichwa vya watoto wadogo. Vijiti vinane vingeacha nafasi za milimita 102, tisa viliacha 88. Nikakata kipande cha mbao cha milimita 88 kamili, kikawa ndicho kipimo cha kila nafasi, na kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Lakini kuna kosa ambalo hakuna jigi wala kiolezo kitakachokuokoa nalo, na limenipata mwaka huu. Katika nyumba moja nilipima kimo cha ghorofa wakati sakafu ya chini ilikuwa bado zege tupu, baada ya kuambiwa kwamba itapakwa rangi tu na kubaki hivyo. Ngazi ilipokwisha kusimama, mwenye nyumba alibadili mawazo akaweka vigae. Vigae pamoja na chokaa yake vikainua sakafu kwa milimita 45, na kipandio cha kwanza, kilichokuwa 180, kikabaki 135. Mifuo yote ilikuwa sahihi, vipandio vyote vilifanana kwa unywele, na bado kila anayepanda anashtuka kwenye hatua ya kwanza. Tumekubaliana kuongeza jukwaa dogo la kuanzia. Sasa kabla ya kuchora chochote nasimamisha fimbo ndefu ya mbao kutoka chini hadi juu, nalaza chini yake kipande cha kigae halisi na unene wa chokaa, juu vilevile, naweka alama mbili, na mwenye nyumba anatia sahihi kwenye fimbo hiyo kwa penseli. Vipandio vyote vinagawanywa juu ya fimbo ile ile kwa bikari, kiasi kwamba hata namba nikizisahau, fimbo inazo.

Kwa hiyo nani anunue nini? Fundi anayejenga ngazi moja au mbili kwa mwaka asinunue jigi ya dukani. Bei yake itachukua sehemu kubwa ya faida ya kazi ya kwanza, na uwezekano ni mkubwa kwamba vipandio vyake havitaingia kwenye tundu lake. Anunue vibano vya shaba, pete ya kuongozea na kisu kizuri, halafu achonge kiolezo. Karakana inayojenga ngazi kila mwezi, na ambayo wateja wake wamekubali vipandio vyembamba, itaifurahia jigi. Kipimo cha vipandio kinunuliwe na yeyote anayevalisha ngazi za zege, hata kama ni kwa kuchanga na fundi mwenzake wa jirani, kwa sababu kinafaa vilevile kwa rafu za kabati zinazoingia kati ya kuta. Mwenye nyumba naye anapompa fundi kazi ya ngazi amwombe jambo moja tu la vitendo: amwonyeshe kiolezo kabla hajakata ubao wa kwanza.

Violezo vyangu sivitupi. Vinaning'inia ukutani nyuma ya meza ya randa, kila kimoja kimeandikwa mtaa, mwezi, kimo, upana na unene wa kipandio. Wiki mbili zilizopita yule Mama wa Moshi alinipigia simu kwamba mafundi wa jokofu waliliangusha ngazini na kupasua kipandio cha tano kutoka chini. Sikusafiri kwenda kupima. Nilishusha kiolezo chake, nikakata kipandio kutoka kwenye paina iliyobaki ya ngazi ileile, nikakituma kwa basi la asubuhi pamoja na kabari mbili, na kijana wake akakiingiza kwa kiganja.